Globu Ilikuwa Nzima

Kivuko kilikuwa kimeshafika upande wa Kamanga, mlango umeshushwa, na magari mawili yaliyokuwa mbele yangu yameshapanda nchi kavu, ndipo gari langu lilipokataa kutoka. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri na mguu wangu ulikuwa juu ya breki, lakini mkono wa gia ulikuwa umeganda kwenye P, ile nafasi ya kuegesha, kana kwamba umechomelewa. Nyuma yangu lilikuwapo Fuso lenye magunia, na dereva wake, baada ya kupiga honi mara mbili, alishuka akaja dirishani. Hakunigombeza. Aliuliza kama nimekanyaga breki, nikamwambia nimekanyaga, akazunguka nyuma ya gari kisha akarudi. "Dada, huna taa ya breki hata moja," alisema. "Ndiyo maana gia haitoki." Akanionyesha kifuniko kidogo cha plastiki kando ya mkono wa gia, akaniambia nikibandue kwa ncha ya ufunguo na kubonyeza kilichomo ndani. Nilipobonyeza, gia ikashuka hadi D, tukatoka kivukoni huku watu wakitutazama.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, lile ambalo mafundi hulijua kwa jina la 110, la mwaka 1997, lenye gia za otomatiki. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa akifanya biashara ya samaki katika soko la Mwaloni, Kirumba, ambaye kabla ya kuliuza alilipiga rangi, akalifungia redio kubwa na spika mbili nyuma. Nayataja hayo mawili, samaki na spika, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na sehemu yake katika wiki tatu zilizofuata. Siku ile ya Kamanga nilijifunza jambo moja tu, tena kwa huyo dereva wa Fuso: katika magari mengi ya otomatiki ya miaka ile, mkono wa gia hauachiwi kutoka P mpaka mfumo upate taarifa kwamba breki imekanyagwa, na taarifa hiyo hutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za nyuma. Fyuzi ikiungua, taa na gia hugoma pamoja. Baadaye nililiona hilo kuwa bahati, kwa kuwa mwenye gari la gia za kawaida angeweza kuzunguka Mwanza mwezi mzima bila taa za breki na asijue mpaka mtu amgonge kwa nyuma kwenye mteremko wa Bugando.

Njia ya umeme wa taa hizi ni fupi kuliko nilivyokuwa nikidhani. Umeme hutoka kwenye chanya ya betri, hupita kwenye fyuzi iliyoandikwa STOP, hufika kwenye swichi ndogo iliyofungwa juu ya pedali ya breki, kisha husafiri chini ya zulia, pembeni mwa milango, hadi kwenye buti, huingia kwenye globu, na mwisho hurudi kwenye hasi ya betri kwa kupitia chuma cha bodi ya gari. Sehemu hiyo ya mwisho mafundi huiita ethi, nayo ndiyo ambayo hakuna anayeikumbuka, pengine kwa sababu haina waya mrefu wa kuufuata kwa macho. Katika gari langu njia hii haipiti kwenye ufunguo, kwa hiyo taa huwaka hata gari likiwa limezimwa, na mtu anaweza kufanya uchunguzi wote akiwa amekaa kimya uani kwake.

Wengi hukimbilia kuituhumu swichi ya pedali, na kwa kweli huwa ina makosa yake. Jirani yangu ana Honda ya zamani ambayo kila asubuhi ilikuwa haina chaji, akanunua betri mpya, nayo ikalala kama ile ya kwanza, mpaka usiku mmoja aliporudi msibani akakuta gari lililofungwa tangu mchana linamulika ukuta kwa nyuma. Kipande kidogo cha plastiki ambacho swichi huegemea kwenye mkono wa pedali kilikuwa kimesagika kwa uzee, swichi ikabaki kana kwamba breki imekanyagwa, taa zikawa zinawaka mchana na usiku. Kwangu swichi ilikuwa salama. Nilijua hivyo kwa sababu nikiweka fyuzi mpya taa ziliwaka nilipokanyaga na kuzimika nilipoachia, bila kusitasita.

Tatizo ni kwamba fyuzi yenyewe haikuwa ikidumu. Fundi wa kwanza niliyemwendea, huko Nyakato, alichomoa fyuzi ya ampea 15 iliyoungua, akaweka nyingine, taa zikawaka, nikalipa nikaondoka. Siku nne baadaye ikaungua tena, na safari hii nilijulishwa na askari wa usalama barabarani pale Igoma, ambaye aliniandikia faini ya shilingi 30,000 kwa upole kabisa. Mara ya tatu fundi akaweka fyuzi ya ampea 30. "Hii haitakusumbua tena, dada," aliniambia, na alikuwa anasema kweli, kwa maana mbaya.

Nilipofika nyumbani niliitoa. Hesabu yake haihitaji ufundi mwingi: globu moja ya breki ni ya wati 21, na kwa umeme wa volti 12 inavuta ampea 1.75, mbili zinavuta 3.5, na ukiongeza taa ya tatu iliyoko chini ya kioo cha nyuma jumla haifiki ampea 6. Fyuzi ya 15 ina nafasi zaidi ya mara mbili ya mahitaji hayo, kwa hiyo ikiungua si kwamba ni ndogo, bali kuna mahali umeme unagusa chuma bila kupitia kwenye globu. Kuweka fyuzi kubwa, au kipande cha waya wa shaba, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ambayo nimeiona kwa macho yangu katika gari la mtu mzima mwenye akili zake, hakuondoi shoti hiyo. Kunahamisha tu mahali pa kuungulia, kutoka kwenye kitu cha shilingi 500 kwenda kwenye waya uliolala chini ya zulia, sponji ya kiti ikiwa juu yake.

Basi nikaamua kulitafuta kosa mwenyewe, nikianza na kile nilichokuwa nacho tayari. Fyuzi mpya haikuwa ikiungua wakati wa kuiweka. Iliungua baada ya breki kukanyagwa. Kama waya uliochubuka ungekuwa kati ya fyuzi na swichi, fyuzi ingekufa hata nikiwa nimelala. Kosa lilikuwa baada ya swichi, na zaidi ya hapo halikuwa la kudumu, kwa kuwa ningeweza kukanyaga breki mara mia uani kwangu Buzuruga bila lolote kutokea, kisha likatokea nikipanda kivuko au nikipita kwenye mashimo.

Kutafuta shoti ya kuja na kuondoka kwa kuunguza fyuzi ni kazi ya gharama. Njia niliyoitumia ni ya zamani, na mafundi wazuri wanaijua: unachukua globu ya wati 21, unaichomea nyaya mbili, na ncha za nyaya hizo unazichomeka pale fyuzi inapokaa. Kisha unatoa globu zote za breki nyuma, ile ya tatu pia, na unakandamiza pedali ya breki. Mimi nilitumia kipande cha mti wa mpera, mwisho mmoja kwenye pedali na mwingine kwenye ukingo wa kiti. Baada ya hapo umeme hauna pa kwenda, kwa hiyo globu ya kwenye fyuzi inapaswa kubaki giza. Waya ukigusa bodi popote, globu inawaka kwa nguvu zake zote, wala hakuna kinachoungua, kwa sababu globu yenyewe inauzuia umeme usizidi kipimo chake. Waya ukiachana na bodi, inazimika. Mtu anaweza kushinda hapo siku nzima kwa globu moja.

Nilimweka binti yangu kwenye kiti cha mbele aiangalie globu, nami nikaanza kuzitikisa nyaya, nikianzia chini ya usukani. Hakuna kitu. Nikainua zulia la upande wa dereva, nikapapasa mkanda mzima wa nyaya hadi kwenye kiti cha nyuma. Hakuna kitu. Kwenye buti niliutikisa ule mkono wa nyaya unaoingia kwenye taa ya kulia, kisha wa kushoto, nikafungua na kufunga mlango wa buti mara kadhaa, kwa kuwa nyaya zinazopita kwenye bawaba hukatika sana kwa kupindwapindwa. Bado kimya. Nilikuwa nimechoka, nikaegemea kwa kiganja ile rafu iliyo nyuma ya kiti, zinapokaa spika, ili nijiinue, na binti akapiga kelele: "Mama, imewaka!"

Nilibonyeza tena, ikawaka. Nikaachia, ikazimika. Tulirudia mara tano au sita kwa furaha isiyo na maana yoyote kabla sijakumbuka kuchukua bisibisi. Spika ya kushoto ilipotoka, nililiona jambo lenyewe bila kuhitaji tochi: aliyezifunga spika alitumia skrubu ndefu kuliko ilivyohitajika, na mojawapo ilikuwa imepenya kwenye bati la rafu na kuchungulia chini, ncha yake ikiwa imeegemea waya wa kijani wenye mstari mweupe unaokwenda kwenye taa ya tatu. Plastiki ya waya ilikuwa imetoboka mahali padogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na ndani yake shaba iling'aa kwa kusuguliwa. Rafu ikiwa haina mzigo, skrubu na shaba viliachana kwa unene wa karatasi. Rafu ikibonyea kwa mkoba au kwa mtikisiko wa barabara, vinagusana. Siku ya Kamanga nilikuwa nimeweka hapo juu mfuko wa mchele.

Nilidhani nimemaliza. Niliukata waya palipochubuka, nikaunganisha upya, nikabadilisha skrubu zote kwa fupi, nikarudisha fyuzi ya ampea 15 na globu zangu, na fyuzi hiyo ndiyo iliyomo mpaka leo. Lakini jioni ile, giza lilipoingia, niliona taa ya kulia inawaka nyekundu safi na ya kushoto inawaka kama kaa linalokaribia kuwa majivu.

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko pote, na sehemu ya lawama ni yangu. Nilirudi kwa fundi yuleyule, akabadilisha globu ya kushoto. Haikubadilika kitu. Akabadilisha nyingine, akisema za siku hizi ni feki. Alihakikisha kwamba ni zile za nyuzi mbili, wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ndogo, na kwamba vijipini vya ubavuni, ambavyo kimoja kiko juu kidogo kuliko kingine, vimeingia kama inavyotakiwa, na katika hilo alikuwa makini. Wakati wote huo kijana wake wa kazi alikuwa amekaa kwenye kiti changu akikanyaga breki kwa amri, na kwa sauti ndogo akauliza, "Fundi, mbona taa za dashibodi zinawaka?" Akaambiwa akanyage tu.

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, nilikanyaga breki, na kweli saa na vibonyezo vya redio vilitoa mwanga hafifu, wa kufifia kabisa, ambao mchana ungeonekana kwa shida. Nikawasha indiketa ya kushoto huku nimekanyaga breki, na nikaona ukutani kwamba taa ya breki ya kushoto inapepesa pamoja na indiketa. Taa tatu zisizohusiana zilikuwa zinasukumana mlangoni.

Nilichukua mita ya kupimia umeme, nikatoa globu ya kushoto, nikapima kwenye kishikio chake breki ikiwa imekandamizwa. Ikasoma volti 12.3, sawasawa na betri. Nilipima mara tatu, na mara tatu nikajiambia kwamba nyaya ni nzima na tatizo liko kwenye globu. Mita haikunidanganya, ilijibu swali nililouliza, nami niliuliza swali baya. Mita haivuti karibu umeme wowote, na njia isiyobeba kitu huonyesha nguvu kamili hata ikiwa imeshikiliwa na uzi mmoja. Anayeishi kwenye vilima vya Mabatini analijua jambo hili kwa maji: bomba likiwa limefungwa unaweza kusikia mgandamizo wote, lakini ukilifungua na kuweka ndoo, kama kuna mahali limeziba, yanatoka machozi.

Kwa hiyo safari ya pili niliirudisha globu, nikakandamiza pedali kwa mti wangu wa mpera, na globu ikiwa inawaka kwa shida nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya mweupe wenye mstari mweusi unaotoka kwenye kishikio, yaani waya wa ethi, na ncha nyingine kwenye bolti safi ya bodi. Kama ethi ni nzima, kati ya sehemu hizo mbili hapatakiwi kuwa na kitu cha kuhesabika, kwa sababu zote mbili ni hasi ileile. Nilisoma volti 4.6. Hizo ndizo volti zilizokuwa zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye bodi, na umeme uliokosa njia ulikuwa unarudi kinyumenyume kupitia uzi mwembamba wa wati 5, ukiingia kwenye mkondo wa taa ndogo, na kujitafutia hasi kwenye taa za mbele na za dashibodi. Kijana wa Nyakato alikuwa amekwisha kuliona kosa lote.

Niliufuata ule waya. Ulishuka nyuma ya taa, ukapita chini ya kitambaa cha pembeni cha buti, ukaishia kwenye kipete cha bati kilichobanwa kwa bolti kwenye bodi, karibu kabisa na sakafu. Nilipovuta kitambaa hicho harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Aliyeniuzia hakuwa anabeba sangara wabichi pekee. Alikuwa anabeba na kayabo, sangara waliokaushwa kwa chumvi kwa ajili ya soko la Kongo, na maji ya chumvi yalikuwa yametiririka miaka mingi hadi kwenye kona hiyo ya kushoto ambayo gari likiegeshwa kwenye mteremko ndiyo huwa chini. Ziwa letu ni la maji baridi, na mtu angetegemea magari ya Mwanza yasipatwe na maradhi ya magari ya pwani, lakini hili langu lilikuwa limeletewa bahari kwenye magunia. Kipete kilikuwa kimevaa unga wa kijani na mweupe, bolti ilikuwa kahawia, na chini yake palikuwa na rangi mpya ya gari, iliyopulizwa juu ya kutu yote hiyo bila bolti kufunguliwa.

Bolti ilitoka kwa mafuta ya kupenyeza na uvumilivu wa saa moja. Nilisugua bati kwa msasa mpaka likawa jeupe, nikakata waya nyuma kiasi cha kidole, kwa kuwa weusi ulikuwa umeshaingia ndani ya plastiki, nikafunga kipete kipya, nikakibana kwenye bolti mpya, na baada ya kukaza ndipo nikapaka grisi juu yake ili unyevu usiingie. Kupaka rangi au grisi nyingi kabla ya kukaza ni kurudi palepale. Nilipopima tena, globu ikiwa inawaka, mita ilisoma 0.05.

Kuhusu maungio, nina msimamo ambao mafundi wengine hawaupendi. Kusokota nyaya mbili na kuzizungushia tepu ni kazi ya kufikia nyumbani, si ya kudumu. Buti la gari lililoegeshwa juani huwa joto kiasi kwamba gundi ya tepu huyeyuka, tepu hufunguka taratibu, na shaba iliyosokotwa huanza kushika kutu na kulegea. Niliyachomea maungio yangu yote kwa risasi, nikayavisha kijineli cha plastiki kinachonywea kwa joto, ambacho unapaswa kukumbuka kukipitisha kwenye waya kabla ya kuchomea. Mara mbili sikukumbuka.

Jumamosi usiku nililirudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta mweupe wa jirani, nikamwomba binti asimame pembeni. Nilikanyaga breki peke yake, kisha breki na taa ndogo, kisha breki na indiketa ya kushoto, kisha ya kulia. Alisema madoa mawili mekundu yanalingana, na kwamba lile la kushoto halipepesi tena. Dashibodi ilibaki giza. Gia ilitoka kwenye P bila ubishi.

Taa ya tatu, ile ya chini ya kioo, bado haiwaki. Umeme unaifikia, nimeupima safari hii kukiwa na kitu kinachouvuta, ila globu yake ni ya aina ndogo isiyo na kitako cha chuma, na maduka mawili ya vipuri ya mjini yalikuwa nazo za wati 5 tu. Jumatatu nitajaribu Igoma.